Ng'ombe akikauka maziwa, ajuza wa jirani hana hatia

KATIKA maboma mengi ya Kisii na Nyamira, ng'ombe mmoja wa gredi ndiye karo ya shule, ndiye sukari na chumvi, na ndiye akiba ya siku ya ugonjwa. Akitoa lita kumi leo na lita tatu kesho, nyumba nzima hutikisika. Hapo ndipo swali huzuka. Wapo wanaouliza ni nini kimempata ng'ombe. Wapo pia wanaouliza ni nani amempata.

Tofauti ya maneno hayo mawili, nini na nani, ni ndogo katika kutamkwa lakini ni kubwa katika matokeo. Swali la kwanza humpeleka mfugaji kwa daktari wa mifugo. La pili humpeleka kwa mpiga ramli, na kutoka huko humrejesha kijijini akiwa na jina la mtu kinywani. Mara nyingi jina hilo huwa la mwanamke mkongwe, pengine mjane, anayeishi peke yake ng'ambo ya ua.

Historia ya eneo hili imeonyesha jina kama hilo laweza kufika wapi. Kati ya 1992 na 1994, makumi ya watu waliuawa katika nchi ya Abagusii kwa madai ya uchawi, wengi wao wakiteketezwa pamoja na nyumba zao. Mnamo Mei 2008, umati uliwateketeza watu 11 katika iliyokuwa Wilaya ya Kisii, wanane kati yao wakiwa wanawake, na wengi wakiwa wakongwe. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma zizo hizo huko Marani, Kaunti ya Kisii.

Si kweli kwamba mikasa hiyo ilianzia zizini. Tuhuma za uchawi huzuka kwa sababu nyingi: kifo cha kijana, maradhi yasiyoeleweka, mtoto kupotewa na fahamu. Hata hivyo, hasara ya mifugo imo katika orodha hiyo hiyo ya misiba inayotafutiwa mtu wa kutwikwa lawama. Nayo ni hasara isiyokoma, kwa kuwa ng'ombe huugua mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hivyo, kujua kwa nini ng'ombe hukauka maziwa si elimu ya ufugaji pekee, bali ni elimu inayoweza kumwokoa mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wataalamu walioishi na Abagusii ili kuchunguza mila zao walibaini jambo moja mapema. Philip Mayer, aliyefanya utafiti katika nchi ya Gusii miaka ya 1940, alieleza katika mhadhara wake wa 1954 kuhusu wachawi kwamba anayeshukiwa kwa kawaida si mgeni wala adui wa mbali. Ni jirani au jamaa, mtu anayejua njia ya kuingia nyumbani na saa ya kukamua.

Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti wao eneo hilo katikati ya miaka ya 1950, walikuta imani kwamba uchawi wa omorogi hufunzwa na kurithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mwanawe, na kwamba wanaoufanya zaidi ni wanawake. Imani hiyo ina madhara mara mbili. Humtia hatiani mama, kisha huwaachia watoto wake sifa mbaya wasiyoweza kuifuta hata wakihama.

Lipo pia jicho baya, ambalo kwa Ekegusii huitwa ebibiriria. Hili ni tofauti na urogi. Mwenye jicho hilo husemekana kudhuru bila kukusudia, kwa kutazama tu, na wanaohofiwa kudhurika zaidi ni watoto wachanga. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hofu ya jicho imevuka kitanda cha mtoto ikafika zizini, kwenye kiwele kilichojaa na ndama aliyenona. Wamaasai hutema mate kidogo wanapomsifu mtoto ili sifa isigeuke kuwa dhara. Pwani nako, anayesifu kitu cha mwenzake bila kutanguliza "Mashallah" hutazamwa kwa wasiwasi.

Kwa nini jirani? Sehemu ya jibu imo katika ardhi yenyewe. Kabla ya ukoloni, mifugo mingi ya Abagusii haikulala nyumbani. Ililindwa na vijana katika kambi zilizoitwa ebisarate, mbali na migomba na mashamba ya wimbi. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo katika muongo wa 1910, na ng'ombe wakarudi bomani.

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, wakulima Waafrika walihimizwa kufuga ng'ombe wa gredi na kupanda mimea ya kuuza. Karibu na uhuru, familia kadhaa zilipata mashamba makubwa zaidi katika mpango wa makazi wa Borabu, ulio sasa katika Kaunti ya Nyamira. Kwingineko, vipande vya ardhi vilizidi kugawanywa kwa wana na wajukuu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576.

Katika msongamano huo, zizi la mmoja liko hatua chache kutoka jikoni kwa mwingine. Jirani huona ndoo ikijaa na huona ikipungua. Kesi za mipaka, urithi na madeni ya mahari huishi humo humo. Ng'ombe akifa wakati ugomvi wa ua haujaisha, ni rahisi mno misiba hiyo miwili kufungwa kwa kamba moja.

Hata Ulaya waliogopa

Msomaji asidhani hofu hii ni ya Abagusii pekee, au ya Waafrika pekee. Katika nchi ya Ireland, kisiwa cha mvua na majani mabichi ambacho uchumi wake kwa karne nyingi uliegemea siagi, wakulima waliamini kwamba bahati ya maziwa inaweza kuibwa. Siku ya hatari zaidi ilikuwa Mei mosi, mwanzo wa majira ya majani mapya.

Asubuhi hiyo, ilisemekana, mwanamke mwenye husuda angeweza kuburuta kitambaa juu ya umande wa malisho ya jirani, na siagi yote ya mwaka ingehamia kwake. Nyumba nyingi zilikataa kutoa moto, maji au maziwa siku hiyo, hata kwa rafiki. Mgeni aliyeingia wakati maziwa yakisukwa alitakiwa kushika mpini na kusuka kidogo, ili ithibitike kwamba hakuja na nia mbaya.

Walisimulia pia kuhusu sungura wa porini anayenyonya ng'ombe alfajiri. Mwindaji akimjeruhi, nyayo za damu humfikisha kwenye kibanda cha ajuza ambaye naye hukutwa na jeraha pale pale. Kisa hicho ni cha kale sana. Padri Gerald wa Wales alikwisha kukitaja katika karne ya 12. Tume ya Ngano ya Ireland, iliyoundwa 1935, ilikusanya maelfu ya masimulizi ya wanavijiji, yakiwemo mengi ya aina hii.

Linaloshangaza si kwamba watu wawili waliotengwa na bahari waliamini jambo moja. Linaloshangaza ni kwamba walimchagua mshukiwa yule yule: mwanamke mzee, maskini, asiye na mtetezi. Usukumani, Tanzania, wanawake wakongwe wameuawa kwa sababu ya kuwa na macho mekundu, hali macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na samadi waliyopikia maishani mwao mote.

Imani hizo huko Ireland nazo hazikuwa mchezo. Machi 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, Tipperary, mwanamke aliyeitwa Bridget Cleary alichomwa na mumewe akafa. Mume alishikilia kwamba mkewe mgonjwa alikuwa amechukuliwa na majini wa kule, na kwamba aliyelala kitandani alikuwa kiumbe mwingine. Ndugu na majirani walikuwemo nyumbani. Mahakama ilimhukumu mume kifungo cha miaka 20.

Miiko ya maziwa

Karibu na nyumbani, jamii za wafugaji zimekuwa na miiko yake. Mwaka wa 1918 James Frazer alichapisha kitabu kikubwa kuhusu ngano za Agano la Kale, na humo akakusanya habari za makabila ya Afrika Mashariki, wakiwemo Wamaasai, Wanandi na Waganda, ambayo yalikataza kuchemsha maziwa. Iliaminika kwamba maziwa yakitokota motoni, kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa huungua na kukauka. Kwingine ilikuwa mwiko kuchanganya maziwa na nyama katika mlo mmoja, au kuwahesabu ng'ombe kwa sauti.

Si busara kuicheka miiko yote. Mwingine ulilinda kitu chenye manufaa. Kutowahesabu ng'ombe hadharani kulimficha tajiri mbele ya wezi na waombaji. Kutowaruhusu watu ovyo zizini, kama itakavyoonekana, kulimsaidia ng'ombe kushusha maziwa. Wahenga waliona jambo lililotokea kweli. Kosa lilikuwa katika maelezo waliyolipa.

Mwiko wa kutochemsha ndio ulioacha hatari kubwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosisi, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba na unaomtesa binadamu kwa homa ya kurudi rudi na maumivu ya viungo. Moto huviua. Amabere amaruranu, maziwa ya mgando ya Abagusii yanayosifika kwa ladha, huwa salama zaidi yakitengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kisha yakapoa.

Kinachotokea zizini

Je, ni nini hasa hupunguza maziwa? La kwanza ni kalenda ya mnyama mwenyewe. Ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka taratibu. Kwa kawaida hukamuliwa kwa miezi kumi, akapumzishwa miezi miwili kabla ya kuzaa tena. Mfugaji asiyeweka tarehe huona mteremko huo wa kawaida kama wizi.

La pili ni maji na lishe. Takriban sehemu 87 kwa kila 100 za maziwa ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa huhitaji maji mengi, wakati mwingine zaidi ya lita 60 kwa siku. Katika vilima vya Gusii, maji hayo mara nyingi hupandishwa kutoka chemchemi ya bondeni kwa mtungi wa kichwani. Kiangazi kikali kikiingia, au anayeteka maji akiugua, maziwa hupungua siku hiyo hiyo.

Nyasi nazo zina adui wake. Magharibi mwa Kenya kumeenea ugonjwa unaodumaza nyasi za nepia, ambazo wengine huziita mabingobingo. Majani hugeuka manjano, shina hukonda, na shamba lililolisha ng'ombe wawili hushindwa kumlisha mmoja. Ugonjwa huo kweli hutoka kwa jirani, ila si kwa ndumba. Huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani, na kwa vipandikizi vyenye ugonjwa ambavyo watu hupeana kwa moyo mwema.

La tatu ni hofu ya mnyama. Maziwa hayamwagiki yenyewe. Ng'ombe anapoguswa kiwele kwa utulivu, au anapomwona ndama wake, ubongo wake hutoa kichocheo kiitwacho oksitosini ambacho hukamua vifuko vya maziwa kutoka ndani. Nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ng'ombe akishtuka, mwili hutoa adrenalini, nayo huizuia kazi hiyo. Maziwa yamo, lakini hayashuki.

Hapa ndipo imani ya jicho ilipopata ushahidi wake. Mgeni akisimama mlangoni mwa zizi wakati wa kukamua, ng'ombe asiyemzoea huweza kuzuia maziwa. Mbwa, kelele, kipigo au mkamuaji mpya huleta matokeo hayo hayo. Mgeni ameondoka na ndoo iko nusu. Aliyeshuhudia hakusema uongo. Alichokosa ni habari ya kwamba hata mgeni mwenye moyo safi kuliko wote angeleta jambo lilo hilo.

La nne ni ugonjwa wa kiwele, ambao huenda ndio uliosingiziwa uchawi kuliko yote. Vijidudu huingia kupitia tundu la chuchu, hasa pale sakafu ya zizi ikiwa na matope na mikono ya mkamuaji ikiwa haikuoshwa. Maziwa hutoka na madonge, maji maji au damu, na robo moja ya kiwele huweza kufa kabisa. Ulaya walisema damu hiyo ni adhabu ya kumuua ndege fulani. Vijijini kwetu wengine husema ni mkono wa mtu. Mfugaji anayekamulia matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi kila siku huyaona madonge mapema, akaita daktari kabla kiwele hakijaharibika.

Upo hata ugonjwa wa kiwele usioonyesha dalili yoyote kwa macho. Maziwa hupungua pole pole, ng'ombe anakula vizuri, na kila mtu anashangaa. Kipimo rahisi cha dawa inayochanganywa na maziwa katika kisahani huufichua kwa muda mfupi.

Vifo vya ghafla

Hasara ya maziwa huumiza, lakini kifo cha ghafla ndicho huwasha moto wa maneno. Ng'ombe aliyelala mzima akakutwa amekufa alfajiri ni habari inayozunguka kijiji kabla ya saa tatu asubuhi. Sababu zake zinajulikana.

Majani machanga ya jamii ya kunde, au chakula kilichobadilishwa ghafla, huweza kumjaza ng'ombe gesi tumboni akafa kwa saa chache. Kimeta huua haraka zaidi, na mzoga wake hutoa damu nyeusi isiyoganda puani na kwingineko. Huyo hapasuliwi wala haliwi, kwa sababu kimeta huwaua watu pia. Familia inayogawana nyama ya ng'ombe wa kimeta, kisha ikaanza kuugua, inaweza kudhani imelogwa mara mbili.

Halafu kuna radi. Nyanda za juu za Kisii hujulikana kwa ngurumo na mvua ya mawe, na wengi huamini radi inaweza kutumwa. Ng'ombe ana sababu ya kufa hata pale mtu aliye karibu naye anaponusurika. Umeme ukipiga mti au ardhi, husambaa udongoni. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, hivyo umeme hupanda upande mmoja, hupita kifuani na kushukia upande wa pili. Wale waliojikinga pamoja chini ya mti mmoja wanaweza kufa kwa pigo moja.

Ndigana kali nayo huja kimya. Huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Wiki moja au zaidi baada ya kuumwa, tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mnyama hupumua kwa shida na kutoa povu. Ng'ombe wa gredi hufa kwa wingi wasipotibiwa mapema. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika ndigana kali msemo huo ni kweli tupu, ila anayekula si shangazi wala mke wa kaka, ni kupe.

Kuna pia homa ya maziwa, ambayo tiba yake imewastaajabisha wengi. Ng'ombe mwenye maziwa mengi, muda mfupi baada ya kuzaa, huanguka asiweze kusimama, shingo ameipinda ubavuni kama aliyelala. Madini ya kalisiamu yamepungua damuni kwa sababu yote yameelekezwa kwenye maziwa. Daktari akimtilia kalisiamu mshipani kwa uangalifu, mara nyingi husimama baada ya saa chache. Asiyejua huona kama aliyefunguliwa kifungo cha mganga.

Uzazi una vitendawili vyake. Ng'ombe huingia joto takriban kila siku 21, na joto hilo halizidi siku moja. Mwenye ng'ombe akichelewa kumwita mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, mimba haishiki, na maneno ya kufungwa kizazi huanza. Vivyo hivyo kuhusu pacha. Mtamba aliyezaliwa pamoja na ndume kwa kawaida huwa tasa, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni na via vyake vya uzazi havikukua sawasawa. Wazee waliowatilia shaka ndama pacha waliona kweli kwamba mmoja hazai. Hakuna aliyemfunga.

Aliye peke yake na ramli

Maelezo haya hayana siri. Kwa nini basi ramli haijafunga milango? Sababu moja ni umbali kati ya mfugaji na mtaalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya ilipunguza huduma za mifugo ilizokuwa ikizigharimia, na kazi ya matibabu na upandishaji kwa mrija ikahamia kwa watu binafsi. Majosho mengi ya kijamii yalibaki makavu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za mifugo, na tangu 2013 lawama na sifa za kazi hiyo zimekuwa mlangoni mwao.

Daktari hutaka ada na nauli. Omoragori, yaani mpiga ramli, naye hulipwa, lakini yu karibu, anasikiliza, na hutoa jibu siku hiyo hiyo. Zaidi ya yote, hutoa jibu lenye sura ya mtu. Binadamu aliyepoteza mali hufarijika zaidi kuwa na adui kuliko kuwa na kijidudu. Faraja hiyo ndiyo bei ambayo ajuza wa jirani hulipa.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Uchawi ya 1925, Sura ya 67 ya Sheria za Kenya, humwadhibu anayejifanya mchawi, na humwadhibu pia anayemsingizia mwenzake uchawi bila kupeleka shauri kwa polisi, chifu au afisa mwingine wa utawala. Adhabu ya kumsingizia ni faini isiyozidi Sh500 au kifungo kisichozidi miaka mitano. Anayeua kwa kisingizio hicho hushtakiwa kwa mauaji kama muuaji mwingine yeyote. Hata hivyo, sheria humfikia mkosaji baada ya nyumba kuwa majivu. Kinga hutakiwa mapema, wakati tuhuma bado ni mnong'ono kisimani.

Mfano wa Ireland unafaa kutazamwa tena. Mwaka wa 1889, kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilifunguliwa Drumcollogher, katika jimbo la Limerick, kwa juhudi za Horace Plunkett. Vingine vingi vilifuata. Maziwa ya kijiji yalianza kupimwa na kutiwa pamoja, na siagi ikatengenezwa kwa mashine penye joto linalodhibitiwa. Kumbe siagi iliyokataa kuganda nyumbani mara nyingi ilikuwa imesukwa ikiwa baridi mno au moto mno, au katika chombo kichafu. Siagi ilipohama kutoka jikoni, hofu ya kuibiwa siagi ilibaki bila makao. Wazee waliendelea kuisimulia, lakini kama hadithi.

Kisii na Nyamira zinaweza kujifunza hapo bila kungoja miaka mia. Mfugaji anayeandika daftarini tarehe ya kuzaa, lita za kila siku, tarehe ya kupandisha na dawa zilizotumika ana shahidi asiyependelea. Maziwa yakipungua, daftari litamweleza kama ni mwezi wa tisa wa kukamua, au ni wiki ambayo maji yalikosekana. Chama cha wafugaji kinachomlipa mtaalamu mmoja kwa pamoja humfanya awe karibu kama mpiga ramli alivyo karibu. Mwalimu anayeeleza darasani kupe anafanya nini humwondolea mwanafunzi hofu ambayo kesho ingemtia katika umati wenye mafuta ya taa.

Wachungaji, mapadri, machifu na wazee wa ukoo nao wana neno ambalo hakuna daktari awezaye kulisema kwa niaba yao. Wakati mwingine mzee mmoja anayesimama mbele ya watu na kudai kwamba mzoga upimwe kwanza, kabla ya jina la mtu yeyote kutajwa, anaweza kuzima kilichokuwa kinawaka. Hakuhitaji kubishana na imani ya mtu. Amebadilisha swali tu, kutoka nani hadi nini.

Imani zisizomdhuru yeyote zinaweza kuachwa ziishi. Anayefunga utepe shingoni mwa ndama, au anayesali kabla ya kukamua, hana mtu aliyemkosea. Kipimo ni kimoja: je, imani hiyo inamnyima ng'ombe tiba, inamnywesha mtoto maziwa yenye maradhi, au inamwelekezea jirani kidole? Ikifanya moja kati ya hayo, imeacha kuwa mila na imekuwa hatari.

Ng'ombe akifa, hasara yake inaweza kulipwa kwa mtamba mwingine, hata kama ni baada ya miaka. Mama aliyechomwa ndani ya nyumba yake hana mbadala, na wanawe watakaoendelea kuishi kando ya wale waliomchoma hawatasahau. Kabla ya kuuliza nani, na aitwe kwanza daktari aangalie kiwele, sikio na maji ya kunywa.